Hanuka: Sikukuu ya Mafuta Machache



Desemba iliyopita, jioni moja kabla ya sala ya usiku, palizuka ubishi katika bweni letu. Mwenzetu mmoja alileta picha ya kinara chenye taa tisa, akasema, "Hii ndiyo Noeli ya Wayahudi. Wao nao wana mishumaa yao ya Desemba." Mimi nikasema sivyo, hiyo ni sikukuu ya vita: waliwapiga Wayunani, wakafurahi, basi. Nilisema hayo kwa sauti kubwa kuliko elimu yangu. Kesho yake nikamwendea Padre anayetufundisha dini, nikamtaka aamue. Akacheka, akafungua Biblia, akaniambia, "Soma kwanza vitabu vya Wamakabayo, kisha uje uulize tena."

Nimesoma, na nimeuliza. Nimeona ya kuwa mwenzangu alikosa, na mimi nilikosa vilevile. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika gazeti letu nieleze sikukuu hii ni nini, na Wayahudi wakusanyikao katika sinagogi wanapata nini rohoni mwao wanapoiadhimisha. Wala jambo hili si geni kwetu sisi Wakristo. Katika Injili ya Yohane, sura ya kumi, twasoma ya kuwa Bwana Yesu alitembea Hekaluni wakati wa baridi, katika Sikukuu ya Kutabaruku. Sikukuu hiyo ndiyo Hanuka.

Habari yenyewe

Katika karne ya pili kabla ya Kristo, nchi ya Wayahudi ilikuwa chini ya wafalme wa Kiyunani waliotawala kutoka Shamu. Mmoja wao, Antioko wa Nne, aliyejiita Epifani, yaani mungu aliyedhihirika, alitaka watu wote wa milki yake waache desturi zao wafuate desturi moja. Mwaka 167 K.K. amri zake zilifika Yerusalemu. Sabato isishikwe. Watoto wasitahiriwe. Vitabu vya Torati vichanwe na kuchomwa moto. Hekalu lenyewe likafanywa nyumba ya ibada ya Zeu, na juu ya madhabahu ya Mungu wa Israeli zikatolewa sadaka za miungu mingine. Mama aliyemtahiri mwanawe aliuawa.

Yafaa tuseme ukweli wote. Si kila aliyetii amri hizo alitii kwa hofu. Walikuwako Wayahudi waliozipenda, walioona haya juu ya desturi za baba zao, wakataka kufanana na wakubwa wa dunia. Kwa hiyo mapambano hayo hayakuwa ya mwenyeji na mgeni tu. Yaliingia ndani ya nyumba moja, ndugu na ndugu.

Katika mji mdogo wa Modini alikuwako kuhani mzee, jina lake Matathia. Yeye alikataa, akakimbilia milimani pamoja na wanawe watano. Alipofariki, mwanawe Yuda, aliyeitwa Makabayo, akashika uongozi. Mwaka 164 K.K. Yuda na watu wake walipanda Yerusalemu, wakaingia Hekaluni. Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo chaeleza waliyoyaona: malango yameteketezwa, madhabahu imetiwa unajisi, na katika nyua za Hekalu miti imeota kama porini. Wakararua nguo zao, wakalia.

Kisha wakafanya kazi. Wakajiuliza: mawe ya madhabahu iliyonajisiwa tuyafanyeje? Kuyatumia hawawezi. Kuyatupa nako hawathubutu, maana yalikuwa matakatifu. Basi wakayabomoa, wakayaweka akiba mahali pa heshima katika mlima wa Hekalu, mpaka atakapotokea nabii wa kuwaambia la kufanya. Wakajenga madhabahu mpya kwa mawe ambayo hayakuchongwa. Siku ya ishirini na tano ya mwezi wa Kislevu, ambao huangukia Novemba na Desemba zetu, wakawasha taa za kinara, wakatoa sadaka, wakafanya sikukuu siku nane. Neno "hanuka" katika Kiebrania maana yake ni kuweka wakfu, ndiyo kutabaruku kwenyewe.

Chupa moja ya mafuta

Hapa msomaji ataniuliza: na mafuta je? Kila mtu aliyesikia habari za Hanuka amesikia habari za chupa ya mafuta. Nami nilishangaa, maana vitabu vya Wamakabayo havitaji chupa hiyo hata kidogo. Kitabu cha Pili chasema walifanya siku nane kwa mfano wa Sikukuu ya Vibanda, ambayo hawakuweza kuifanya vizuri walipokuwa wakiishi milimani na mapangoni.

Habari za mafuta zimo katika Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi, uliokamilishwa miaka mamia baadaye. Marabi wanasimulia hivi: Wayunani walikuwa wametia unajisi mafuta yote ya Hekalu. Yuda na wenzake walipotafuta, wakapata chupa moja tu yenye muhuri wa kuhani mkuu, nayo ilitosha siku moja. Wakaiwasha. Ikawaka siku nane.

Mbona marabi waliposimulia sikukuu hii walitaja vita kwa maneno machache, wakakaza habari za mafuta? Mimi nadhani jibu lapatikana katika mambo yaliyofuata. Ukoo wa Wamakabayo ulitwaa ukuhani mkuu na ufalme pia. Baadaye wakagombana wao kwa wao, ndugu na ndugu, na mwaka 63 K.K. Pompeyo, jemadari wa Rumi, akaingia Yerusalemu. Mwaka 70 B.K. Warumi wakaliteketeza Hekalu. Wayahudi walipoasi tena, kuanzia 132 hadi 135, walishindwa vibaya. Ushindi wa upanga ulikuwa umekwisha, ufalme umekwisha, madhabahu ile iliyotakaswa kwa machozi nayo imekwisha. Kilichobaki ni nini? Kilibaki kitabu, sala, na taa ndogo dirishani.

Kwa hiyo Wayahudi waliotawanyika katika nchi za watu, wasio na jeshi wala mfalme, hawakuuliza tena, "Tulishindaje?" Waliuliza, "Tulipobakiwa na kidogo, tulifanya nini?" Na jibu la Hanuka ni hili: tulikiwasha. Hatukusubiri mpaka mafuta yatoshe.

Ndiyo maana katika Sabato iangukiayo ndani ya Hanuka husomwa katika sinagogi maono ya nabii Zekaria, ya kinara cha dhahabu na mizeituni miwili, yafundishayo ya kuwa kazi ya Mungu hufanyika kwa Roho wake, wala si kwa wingi wa askari. Aliyeichagua sura hiyo alijua alichokuwa akikifanya. Katika siku za kukumbuka vita, aliwasomea watu onyo juu ya kuutumaini upanga.

Sheria za taa

Dini ya Wayahudi haifundishi kwa maneno matupu. Hufundisha kwa tendo lenye kanuni. Basi nitataja kanuni nne za taa za Hanuka, maana ndani yake ndimo ilimo maana tunayoitafuta.

Kanuni ya kwanza: taa huongezwa. Usiku wa kwanza huwashwa moja, wa pili mbili, mpaka usiku wa nane huwaka nane. Zamani palikuwa na ubishi. Wanafunzi wa Shamai walisema tuanze na nane tupunguze kila siku. Wanafunzi wa Hileli walisema tuanze na moja tuongeze, kwa sababu katika mambo matakatifu mtu hupanda, hashuki. Wayahudi wote leo wafuata Hileli. Mtu akikuta giza kubwa hadaiwi kulimaliza usiku mmoja. Anadaiwa taa moja leo, na kesho moja zaidi ya jana. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Jumla ya taa za usiku zote nane ni thelathini na sita.

Kanuni ya pili: mwanga wake haufanyiwi kazi. Ni marufuku kuhesabu fedha au kusoma barua kwa mwanga wa taa za Hanuka. Kazi yake ni kutazamwa tu. Ndiyo sababu ya ile taa ya tisa, iitwayo mtumishi: hiyo huwashia nyingine, na mtu akihitaji mwanga wa kuonea, auhesabu kuwa ni wa mtumishi huyo. Sisi wanafunzi, ambao kila taa kwetu ni ya kusomea mtihani, yatupasa tufikiri hapa. Viko vitu ambavyo mtu akivitumia kwa faida yake amevizima, hata kama bado vinawaka.

Kanuni ya tatu: taa huwekwa mlangoni au dirishani ili wapitao njiani waione. Muujiza haufichwi. Hata hivyo marabi waliongeza neno moja: wakati wa hatari, mtu aiweke juu ya meza yake ndani ya nyumba, nayo yatosha. Yatosha! Mungu hamdai mtu dirisha wakati dirisha ni kifo. Anachodai ni kwamba taa isizimike.

Kanuni ya nne: taa ni ya kila mtu. Wanawake nao huwajibika kuiwasha, kwa kuwa nao walikuwamo katika muujiza ule. Maskini asiye na kitu afundishwa aombe, au auze nguo yake ya juu, apate mafuta. Na zaidi ya taa za nyumbani huwashwa taa katika sinagogi pia, kwenye upande wa kusini, kwa ukumbusho wa kinara cha Hekalu kilichosimama upande huo. Hapo mgeni asiye na nyumba huiona taa na kuitikia amina, naye akahesabiwa mmoja wa nyumba. Kila asubuhi kwa siku nane huimbwa zaburi za sifa, na husomwa katika Torati habari za zawadi ambazo wakuu wa makabila walileta madhabahu ilipowekwa wakfu siku za Musa. Zawadi zile zilikuwa sawasawa, kabila kwa kabila, lakini kitabu chazitaja moja moja bila kuchoka.

Kwa hiyo si Noeli ya Wayahudi. Sisi tunashangilia Mtoto aliyezaliwa. Wao wanashangilia nyumba ya Mungu iliyorudishwa kwa Mungu, na kila mwaka wanauliza kama mioyo yao nayo yahitaji kurudishwa.

Wayahudi wa Mbale

Hapa Kigali Wayahudi ni wachache, na wengi wao ni wageni waliokuja kwa kazi na biashara. Lakini ukipita Kampala ukaendelea mashariki hadi Mbale, karibu na mlima Elgon, utakuta jamii ya Wayahudi ambao ni wenyeji kama sisi. Huitwa Abayudaya, yaani watu wa Yuda. Hawa walinifundisha maana ya Hanuka kuliko kitabu.

Chanzo chao ni Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewasaidia Waingereza kushika nchi za mashariki ya Uganda, kisha akakosana nao. Alikuwa amebatizwa na kufundishwa kusoma Biblia. Kadiri alivyosoma Agano la Kale ndivyo alivyoona kuwa amri za Musa hazina budi kushikwa. Mwaka 1919 alitahiriwa, na wanawe pia. Yasimuliwa kwamba watu walimwambia, "Hayo ni mambo ya Wayahudi," naye akajibu, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha kanuni na sala kwa Kiganda. Alifariki mwaka 1928, akaacha jamii ndogo iliyoshika Sabato, tohara na sikukuu za Torati.

Kisha yakaja mambo yanayofanana na ya Antioko kiasi cha kutisha. Idi Amin alitwaa serikali mwaka 1971. Katika utawala wake dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu ili waishi, na nani atawalaumu? Yasemekana walikuwa kama 3,000, wakabaki kama 300. Hao waliobaki walisali kwa siri majumbani. Taa yao ya miaka ile ilikuwa sala ya Sabato iliyosaliwa kwa sauti ya chini chumbani, mlango umefungwa. Ilikuwa taa ya mezani, na ilitosha.

Kampala ilitekwa na majeshi ya Tanzania na wazalendo wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, na Amin akawa ameondoka. Jioni ile ile Pasaka ya Wayahudi ilikuwa inaanza. Uhuru wa kuabudu ukarudi, lakini watu wamebaki wachache, na vijana wengi hawajui hata sala. Hapo ndipo penye swali la chupa ya mafuta: je, mia tatu watosha kuitwa jamii? Si afadhali kungoja?

Hawakungoja. Katika miaka ya 1980 vijana wachache, wa umri wetu na waliotuzidi kidogo, walikusanyika juu ya kilima cha Nabugoye, wakaishi na kulima pamoja, wakajifunza Kiebrania, wakaimba zaburi kwa Kiganda na kwa tuni za kwao. Mmoja wao, Gershom Sizomu, baadaye alikwenda Marekani kusomea urabi, akawekwa kuwa rabi Los Angeles mwaka 2008. Mwaka 2002 marabi kutoka nje walikuwa wamekwisha kufika na kuwapokea mamia yao rasmi katika Uyahudi kwa kanuni za kiibada. Nyimbo zao zilitolewa Marekani mwaka 2003. Mwaka 2016 lilifunguliwa sinagogi jipya kubwa Nabugoye. Leo yasemekana wamepita 2,000. Walianza na moja, wakaongeza.

Na taa ya dirishani je? Mwaka 2004 wakulima wa kahawa wa Mbale, Wayahudi, Wakristo na Waislamu, waliunda chama kimoja cha ushirika, wakakiita Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Mtu aliyefichwa gizani miaka minane angeweza kuufunga mlango wake milele. Hawa waliufungua, jirani akaona mwanga.

Jambo moja lanifurahisha. Hanuka haimo katika vitabu vitano vya Musa alivyovishika Kakungulu. Mafundisho ya marabi jamii hii iliyapata hatua kwa hatua, kwa wageni waliowatembelea. Kwa hiyo wanapowasha taa za Hanuka leo, wanajifunza jina la kitu ambacho wao walikuwa wamekwisha kukifanya.

Nasi je?

Ndugu zangu, sikusudii kulinganisha mateso ya watu na mateso ya wengine. Mateso hayapimwi kwa mizani. Lakini siwezi kuandika habari za taa Kigali nikanyamaza juu ya taa ya Kigali.

Kila tarehe 7 Aprili, katika ukumbusho wa Gisozi, huwashwa moto uitwao Urumuri Rutazima, mwanga usiozimika, nao huwaka siku mia. Sisi wa mwaka wa sita tulizaliwa miaka mingi baada ya 1994. Moto huo hatukuuwasha, tuliukuta. Hata hivyo mwanga wake nao haufanyiwi kazi. Haukuwekwa ili mtu autumie kumwonyesha jirani kidole wala kujitafutia sifa. Umewekwa utazamwe, na mtu ajihoji.

Tena nayafikiri yale mawe ya madhabahu. Kanisa la Nyamata, ambamo maelfu waliokimbilia waliuawa mwaka 1994, halikurudishwa kuwa mahali pa Misa ya kila siku, wala halikubomolewa. Limehifadhiwa liwe ukumbusho, na waamini husali katika kanisa jingine. Nilipokwenda huko pamoja na darasa letu sikuelewa kwa nini. Niliposoma habari za Yuda Makabayo na mawe yake nikaelewa. Viko vitu vitakatifu vilivyotiwa unajisi ambavyo mtu hawezi kuvitumia tena kana kwamba hakikutokea kitu, wala hawezi kuvitupa kana kwamba havikuwa vitakatifu. Huviweka kwa heshima, akajenga kando yake kwa mawe mapya, akawasha taa.

Nimemrudia yule mwenzangu wa bwenini, nikamwambia kwamba sote wawili tulikosa. Akaniuliza, "Basi ni sikukuu ya nini?" Nikamjibu: ni sikukuu ya watu waliokuta mafuta ya siku moja, kazi ikiwa ya siku nane, nao wakawasha.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mimi ningengoja." Nikamwambia kweli, hata mimi. Ndiyo sababu sikukuu hii inatuhusu.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Sita